Siwatu, Mtumwa, Mwavita: Historia iliyofichika katika majina ya mababu

Na Mwandishi Wetu

KATIKA familia nyingi za mijini nyaraka za zamani hutolewa sandukuni pale tu panapotokea jambo: msiba, mgawanyo wa mirathi, mgogoro wa kiwanja au haja ya kuthibitisha uraia. Hapo ndipo wajukuu hukutana kwa mara ya kwanza na majina ambayo hawajapata kuyasikia yakitamkwa nyumbani. Bibi aliyefahamika kwa wote kama Bi. Mkubwa anaonekana katika hati ya ndoa kuwa aliitwa Siwatu. Babu aliyejulikana kama Abdallah anajitokeza katika stakabadhi ya kodi kwa jina la Mtumwa. Jina jingine, pengine la mtoto aliyefariki akingali mchanga, limeandikwa kwa hati ya Kiarabu katika ukurasa wa mwanzo wa msahafu, na hakuna aliye hai nyumbani awezaye kulisoma.

Majina ya namna hiyo aghalabu huchekwa. Wengine huyaonea haya, na si ajabu kumsikia mwanafamilia akishauri kwamba jina la babu "lisahihishwe" katika fomu mpya ili lifanane na majina ya watu wa leo. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini una madhara. Kwanza, hufuta taarifa ambazo pengine hazikuandikwa mahali pengine popote. Pili, na hili ndilo huwagharimu watu fedha na muda, hukata uzi unaoiunganisha karatasi ya zamani na mtu aliye hai anayedai haki yake kwa karatasi hiyo.

Ili kuelewa kwa nini majina hayo yana uzito, ni vema kukumbuka jinsi usajili ulivyokuwa. Tanganyika ilipata sheria ya usajili wa vizazi na vifo mwaka 1920 chini ya utawala wa Waingereza, lakini kwa miaka mingi usajili huo haukuwa lazima kwa Waafrika walio wengi. Mtoto aliyezaliwa kijijini Rufiji au Kahama katika miaka ya 1930 hakupewa cheti. Alipewa jina, na jina hilo ndilo lililobeba yale ambayo leo hujazwa katika fomu: siku aliyozaliwa, msimu, nafasi yake miongoni mwa ndugu na hali ya nyumba alimozaliwa.

Mifano iliyo myepesi kufahamika ni ile inayotaja wakati. Juma, Jumanne, Hamisi na Mwajuma hutaja siku. Chausiku alizaliwa usiku, Mwamvua alizaliwa mvua ikinyesha, na Masika alikuja katika mvua ndefu. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi ya Kiislamu, na Maulidi na Idi ni sikukuu. Mosi, Pili na Tatu hutaja mpangilio wa kuzaliwa. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Kulwa na Doto ni mapacha, na anayewafuata huitwa Shija. Mabula ni wa wakati wa mvua. Kwa Wajaluo wa Rorya, Otieno ni wa usiku na Okoth ni wa mvua. Anayeifahamu lugha husika hahitaji kuambiwa zaidi.

Yapo majina mengine ambayo hayatosheki na siku bali hutaja mwaka, kwa kulitaja tukio lililoutikisa mwaka huo. Mfano mkubwa kuliko yote nchini umo midomoni mwa kila Mtanzania, ingawa ni wachache wanaoutafakari. Katika lugha ya Kizanaki neno nyerere maana yake ni kiwavi. Chifu Burito wa Butiama, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1860, alipewa jina hilo kwa sababu wakati wa kuzaliwa kwake viwavi jeshi walikuwa wamelivamia eneo lao. Kwa hiyo jina linaloitwa leo kwa mabarabara, uwanja wa ndege na bwawa la umeme ni kumbukumbu ya baa la wadudu katika mashamba ya Wazanaki.

Mwanawe aliyezaliwa Aprili 13, 1922 naye hakuepuka desturi hiyo. Inaelezwa kwamba alikusudiwa kuitwa Mugendi, yaani mtembezi, kabla ya mganga kushauri aitwe Kambarage, jina la pepo wa mvua, kwa kuwa siku hiyo mvua ilinyesha. Jina la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943, akiwa tayari kijana wa miaka 21. Katika majina matatu ya mtu mmoja msomaji anapata viwavi, mvua na ubatizo. Yakitupwa mawili ya kwanza, yabaki lile la mwisho peke yake, kinachobaki ni kidogo mno.

Vita navyo vimeacha alama. Mwavita ni mwana wa vita. Kondo, jina linalopatikana sana kwa watu wa pwani ya Dar es Salaam, linatokana na neno la kale la Kibantu lenye maana hiyo hiyo ya vita. Nchi iliyopitiwa na vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, kisha ikapitiwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, haikukosa sababu za kuwaita watoto hivyo. Ukame na njaa pia vilikuwa kalenda. Wagogo huikumbuka kwa jina la Mtunya njaa iliyowakumba kati ya mwaka 1917 na 1920, na wazee waliokuwa wakihesabu umri wao hawakusema mwaka, walisema kama walizaliwa kabla au baada ya njaa fulani.

Hata fedha zimo. Rupia ilikuwa sarafu ya wakati wa Wajerumani, na Waingereza walipoleta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920 rupia ikaondoka katika soko, lakini ikabaki kama jina la watu. John Rupia, mmoja wa waasisi 17 wa TANU mwaka 1954, ndiye aliyelifanya lifahamike nchi nzima.

Hapa hapana budi kutoa tahadhari. Jina la tukio haliwezi kila mara kutumika kama tarehe, kwa sababu majina hurithiwa. Mjukuu hupewa jina la bibi yake, wakawa somo, na Mwavita wa mwaka 1960 akawa hakuzaliwa katika vita vyovyote. Kabla ya kukokotoa umri wa mtu kwa jina lake, ni lazima kwanza kuuliza kama alikuwapo mwingine aliyelibeba kabla yake. Wapo waliojiongezea miaka 30 kwa kutouliza swali hilo dogo.

Ujumbe kwa majirani

Kundi linalowashangaza zaidi vijana ni la majina yanayosikika kama malalamiko. Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Mateso na Majuto yalikuwa, na kwa kiasi fulani bado ni, majina ya kawaida kabisa. Kando yake yako yale yenye umbo la sentensi: Sijaona, Sikudhani, Sikujua, Sijali, Semeni, Siwatu. Mwenye kuyasoma harakaharaka hudhani kwamba wazazi hao hawakuwapenda watoto wao.

Sivyo. Katika mengi ya majina haya anayesemwa si mtoto. Siwatu ni kifupi cha kusema kwamba fulani na fulani "si watu", yaani hawana utu. Na hao wanaosemwa ni wakwe, mawifi, mke mwenza au majirani waliomtenda vibaya mama mzazi akiwa mjamzito. Semeni ni ruhusa iliyojaa kiburi: semeni mpendavyo, mtoto ndiye huyu. Sikudhani humlenga mtu aliyeaminiwa kisha akageuka. Mwanamke ambaye hakuruhusiwa kumjibu mama mkwe wake hadharani aliweza kumwita binti yake kwa sauti kubwa uani mara kumi kwa siku, na kila aliyekusudiwa akasikia. Ni desturi hiyo hiyo ya mafumbo ambayo katika pwani yetu huendelezwa kwa maandishi ya kanga.

Kwa sababu hiyo, jina la Siwatu katika hati ya ndoa ya miaka ya 1940 ni ushahidi mdogo wa ugomvi uliomo katika nyumba moja kabla ya mwenye jina kuzaliwa. Haujaandikwa mahali pengine. Mabaraza ya wazee hayakuweka kumbukumbu za mawifi.

Majina mengine yalikusudiwa kumkinga mtoto na mauti. Familia iliyozika watoto wawili au watatu mfululizo ilimwogopea anayefuata, na katika makabila mengi ya Afrika Mashariki dawa ilikuwa kumpa jina la kudharaulika ili kifo, au jicho baya, limwone kuwa hana thamani. Kwa Wajaluo, Owiti na Awiti hutokana na neno lenye maana ya kutupa. Ojwang' na Ajwang' ni aliyeachwa. Yalikuwa majina ya watoto waliotazamwa kwa hofu kubwa kuliko wengine wote. Mjukuu anayeona haya kwa kuwa babu yake aliitwa "aliyetupwa" angeona fahari kama angejua ni mangapi yalifanyika ili babu huyo aishi.

Majina ya sokoni

Sehemu ngumu zaidi ni ile ya majina yaliyotokana na utumwa, na familia nyingi za pwani na visiwani hupendelea isiguswe. Watumwa waliofikishwa Unguja, Kilwa na Bagamoyo aghalabu walipoteza majina ya kwao katika mauzo ya kwanza. Waliowanunua waliwapa majina ya vito na ya heri: Almasi, Feruzi, Marijani, Johari, Faraji, Mabruki, Mubaraka. Ni majina mazuri masikioni, na kwa hakika hapana ubaya wowote kuyabeba leo. Lakini yakikutwa kwa wingi katika orodha moja ya karne ya 19, bila jina la baba, yana habari ya kueleza.

Sidi Mubarak, aliyewaongoza Burton na Speke mwaka 1857 na baadaye Stanley, ni mfano unaojulikana. Alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa kwa kubadilishana na nguo, akapelekwa India. Historia inamfahamu kwa jina la Bombay, mji alikopitia maisha ya utumwa. Jina alilopewa na mama yake halijulikani. Mtu aliyevuka bara hili mara kadhaa, na aliyefariki mwaka 1885 akiwa ameandikwa katika vitabu vya wapelelezi wote maarufu wa zama zake, ameingia katika vitabu hivyo kwa jina la bandari.

Padri Cecil Majaliwa naye alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani na kulelewa na wamisionari wa Kianglikana Zanzibar. Alipopewa upadri mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kufikia daraja hilo. Katika jina lake la Kiingereza mtu anaona waliomlea. Katika lile la Kiswahili anaona jinsi yeye na wenzake walivyoitafsiri bahati yao.

Zanzibar ilipiga marufuku hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, na Tanganyika ikafuata mwaka 1922. Baada ya hapo wengi walijichagulia majina upya. Mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, wazazi wake wakiwa na asili ya bara, alipewa utotoni jina la Mtumwa. Dunia ilimfahamu kama Siti binti Saad, na Siti maana yake ni bibi mwenye heshima. Alirekodi nyimbo zake mjini Bombay mwaka 1928, na alifariki mwaka 1950. Angekuwapo karani wa kumfutia jina la kwanza, isingejulikana leo kwamba huyo bibi mwenye heshima alitokea wapi.

Hata hivyo, si sahihi kuhitimisha kwamba kila Mtumwa katika nyaraka alikuwa mtumwa. Neno lenyewe linatokana na kutuma, na wapo wazazi waliolitumia kama jina la unyenyekevu. Jina ni dokezo. Linahitaji karatasi nyingine ya kulisindikiza.

Wamisionari na maofisa wa kigeni walileta mafuriko mengine. Mapadri wa Katoliki waliwabatiza watu kwa majina ya watakatifu, na ndiyo maana Bukoba, Sumbawanga na Mahenge zimejaa majina ambayo Ulaya kwenyewe yameadimika: Telesphor, Novatus, Polycarp, Laurean. Deogratias ni Kilatini, shukrani kwa Mungu. Deusdedit ni Mungu ametoa. Walutheri wa kaskazini walifanya jambo la kuvutia zaidi. Walilichukua neno la Kiebrania Eli, lenye maana ya Mungu wangu, wakaliunganisha na Kiswahili na lugha za kwao, wakapata Elibariki, Elifuraha, Elirehema na Elinami. Majina hayo hayamo katika Biblia. Yalitungwa hapa hapa nchini. Jijini Dar es Salaam, mwana wa askari wa Kizulu aliyeletwa na jeshi la Wajerumani aliitwa Kleist, ambalo ni jina la ukoo wa Kijerumani. Kleist Sykes alikuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Association mwaka 1929.

Kalamu ya karani

Sio kila jina la ajabu ni la ajabu kweli. Mengi yaliharibiwa na tahajia. Kiswahili kilipoandikwa kwa hati ya Kiarabu, waandishi wengi hawakuwa na herufi maalumu za p, ch, g wala v, hivyo walitumia zilizo karibu: b kwa p, sh kwa ch, gh kwa g, f kwa v. Tena hawakuandika n au m iliyo mbele ya konsonanti nyingine. Chausiku akasomeka Shausiku, Mwavita akawa Mwafita, na Pandu, jina la kawaida Unguja, likaonekana kama Badu. Mjukuu anayepelekewa tafsiri ya msahafu na mtu ajuaye Kiarabu lakini asiyejua Kiswahili cha zamani hupata jina ambalo halikuwahi kuwepo duniani.

Makarani wa Kijerumani nao waliandika walivyosikia. Katika lugha yao herufi j husomwa kama y, hivyo sauti ya j waliiandika dsch, ya ch wakaiandika tsch, ya sh wakaiandika sch, na z mara nyingi ikawa s. Ramani zao zina Udschidschi, Moschi na Muansa. Kwa mtindo huo Juma ni Dschuma, Shabani ni Schabani, na Zaituni anaweza kuwa Saituni. Wamisionari wa Kifaransa waliandika ou mahali pa u na ch mahali pa sh, kwa hiyo Chabani katika daftari lao la ubatizo si mtu mwingine. Baadaye Waingereza wakaleta yao, na babu mmoja akaweza kuwa na tahajia nne katika maisha yake bila yeye mwenyewe kubadilisha chochote.

Katika mashamba ya mkonge mambo yalikuwa mabaya zaidi. Vibarua walioandikishwa kutoka mbali walipewa namba, ndipo likazaliwa neno manamba. Katika kipande cha kazi jina lilikuwa la kujazia nafasi, na wapo waliotoa jina lolote lililowajia ili wasifuatwe na kodi ya nyumbani.

Wanawake ndio waliopotea zaidi. Katika hati nyingi za pwani mwanamke ameandikwa binti Athumani au binti Saidi, bila jina lake. Akishazaa, akawa Mama Fulani. Pale ambapo jina lake halisi limenusurika, hata likiwa Tabu au Sijaona, ni hazina.

Karaha ya leo

Yote haya yangekuwa burudani ya wazee kama si ofisi za leo. Tangu Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ilipoundwa mwaka 2008, na hasa tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, Watanzania wamelazimika kuwa na jina moja linalofanana kila mahali. Kompyuta haijui kwamba Hamisi ni Khamis, kwamba Athumani ni Othman au kwamba Hadija ni Khadija. Mtu ambaye cheti cha shule, kitambulisho na hati ya kiwanja cha baba yake vinatofautiana kwa herufi moja hujikuta akitakiwa kuleta kiapo.

Katika mirathi mzigo ni mzito zaidi. Anayeomba mahakamani kusimamia mali ya babu aliyeitwa Mtumwa bin Feruzi katika hati ya shamba, lakini ambaye katika cheti cha kifo watoto walimwandika Abdallah Ferouz kwa kuona haya, ana kazi ya kuthibitisha kwamba hao ni mtu mmoja. Mashahidi waliomjua kwa majina yote mawili wanazidi kupungua kila mwaka. Mpinzani katika shauri hahitaji kusema mengi. Anasoma tu majina mawili kwa sauti.

Kwa walio hai ipo njia halali: hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ambayo huonyesha jina la zamani na jipya pamoja. Kwa marehemu, lililo salama ni kuliandika jina kama lilivyo katika karatasi ya kwanza, kisha kuongeza yale mengine aliyofahamika nayo, badala ya kulifuta moja kwa kuliweka jingine. Picha au nakala ya ukurasa wa msahafu, kipande, stakabadhi ya kodi na kadi ya TANU zihifadhiwe pamoja, kwa kuwa kila moja peke yake ni dhaifu.

Wasiokuwa na karatasi hizo nyumbani wanaweza kuanzia parokiani, ambako madaftari ya ubatizo ya karne ya 19 na ya 20 katika sehemu nyingi yangalipo, au kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na zile za Zanzibar zilizoko Kilimani. Majalada ya enzi ya Wajerumani yamo katika ghala la Dar es Salaam. Anayekwenda huko kumtafuta Juma na aanze na herufi D.